Jina Liko, Mtoto Hayuko

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka 17 na cheti cha darasa la saba, na serikali ya kijiji ikaniteua nikasomee ualimu. Nasema kusomea, lakini hapakuwa na kwenda popote. Nilibaki kijijini kwetu, asubuhi nikawa mwalimu wa darasa la kwanza, mchana nikawa mwanafunzi mbele ya mkufunzi kwenye shule ya kata. Vitabu vyetu vilikuja kwa posta. Vipindi vilikuja kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na betri za redio zilipochoka tulizianika juani juu ya paa la tembe ili zipate nguvu ya kipindi kimoja zaidi.

Haraka hiyo ilikuwa na chanzo chake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati ule, ilikaa Musoma ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule awe darasani. Lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Kikao kimoja kilikata miaka kumi na miwili, na walimu wa kuwapokea hao watoto hawakuwapo. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda ule hata vingefundisha usiku na mchana. Ndipo wakatafutwa vijana waliomaliza darasa la saba, na hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 1984 walikuwa wamepita humo zaidi ya 40,000. Walituita walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, na wengi walilitamka jina hilo kwa kutudharau. Mimi sijawahi kulionea haya. Nimewafundisha kusoma watoto ambao katika koo zao hakuna aliyewahi kushika kalamu.

Kuhusu UPE kumesemwa mengi: kwamba ilishusha elimu, kwamba iliikomboa nchi, kwamba iliharakishwa. Sikai kuyapinga. Nataka kueleza kitu ambacho sisi tulioshika daftari la mahudhurio tulikiona kabla ya wakubwa wetu, nacho ni umbali uliopo kati ya kumwandikisha mtoto na kumwona darasani. Kuandikisha ni kazi ya siku moja. Kuhudhuria ni karibu siku mia mbili kwa mwaka, na kila siku moja katika hizo inadai kitu kutoka kwenye nyumba isiyo na kitu.

Kwetu ni Ugogoni, mashariki ya Dodoma mjini, katika eneo ambalo tangu mwaka 2007 ni Wilaya ya Chamwino. Kijiji chetu kilikuwa kichanga wakati ule. Watu walikuwa wamekusanywa kutoka kwenye kaya zilizotawanyika porini, katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, siku zilezile ambazo Mwalimu Nyerere alikuwa akipiga kambi Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Ni nchi ya mibuyu, miiba na ukame. Mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba na kukoma karibu na Aprili, na mwaka ambao haikunyesha vizuri hakuna msimu wa pili wa kukuokoa. Mtu asiyejua hilo hawezi kuelewa kwa nini mtoto hakuja shule.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha: mimi, mwalimu mkuu, balozi wa nyumba kumi na kijana wa chama aliyebeba karatasi. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Likifikika, amefikisha miaka saba. Pale mkono ulipotia shaka tulimuuliza mama, "Huyu alizaliwa kabla hatujahamishwa, au tulipokwisha kuhamia hapa?" Akina mama walikumbuka vizuri sana. Mmoja alisema wake alizaliwa siku walipobomolewa tembe la zamani, na akanyamaza, na sisi tukaandika 1971.

Wapo waliotukaribisha kwa furaha. Wapo pia waliowaficha watoto. Tulipiga hodi, "Mbukwenyi!", tukajibiwa, tukakaribishwa kigoda, na kumbe wavulana wameshatolewa mlango wa zizini kwenda na ndama. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, hakuficha chochote. Aliwasimamisha watoto wake wawili wa kiume mbele yetu, akamshika bega yule mdogo aliyekuwa na kifua kibovu. "Mwalimu, mchukue huyu," akasema. "Huyu wa ng'ombe niachie. Nikikupa huyu, kesho nani atanilishia?" Kijana wa chama alimjibu kwamba agizo ni watoto wote, na wote wawili wakaandikwa. Mzee hakubisha. Alitazama majina yakiandikwa kama mtu anayetazama mvua ya upande wa pili wa mlima.

Nilimfikiria mzee yule kwa miaka mingi. Hakuidharau shule, alimtoa mtoto aliyeweza kumtoa. Na katika nyumba nyingine, nyingi mno, nilikuta hesabu ileile: mtoto anayekwenda shule ni yule ambaye kazi yake inaweza kubebwa na mwingine. Wazazi wa kwetu waliambiwa wajinga kwenye mikutano, mbele ya wake zao na watoto wao. Sikumjua mjinga hata mmoja. Niliwajua watu waliokuwa na mikono sita na kazi za mikono tisa.

Kwenye karatasi tulifanikiwa kupita kiasi. Nchi nzima, wanafunzi wa shule za msingi walikuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974. Miaka minne baadaye walikaribia milioni 3. Darasa langu la kwanza lilizidi watoto tisini. Walikaa chini ya mbuyu, wengine kwenye magogo, wengine juu ya matofali waliyokuja nayo kutoka nyumbani kwa ajili ya ukuta wa darasa ambao haujajengwa. Penseli moja tuliikata vipande viwili, na vipande vilipokwisha waliandika mchangani kwa kidole. Kuhesabu tulihesabia vizibo vya soda na vijiti. Haikuwa shida kubwa kama wanavyodhani wengine: mtoto hujifunza a e i o u mchangani sawasawa na kwenye daftari, mradi awepo kesho yake.

Tatizo lilikuwa hiyo kesho yake.

Wiki za kwanza walijaa. Kisha sifuri zikaanza kuongezeka kwenye daftari la mahudhurio, taratibu, halafu kwa kishindo. Neno lililotumika ofisini lilikuwa moja, utoro. Fomu ya mwisho wa mwezi ilikuwa na safu ya utoro, na hapakuwa na nafasi ya kuandika sababu. Basi mimi nikaanza kuandika sababu pembeni, kwa penseli, herufi ndogo. Maji. Ndama. Njaa. Nguo inafuliwa. Mdogo wake anaumwa. Ndege. Mwalimu mkuu wetu, Mungu amrehemu, aliona yale maandishi, nami nikadhani atanikaripia kwa kuchafua daftari. Akanitaka niendelee, na akawaambia walimu wenzangu nao wafanye vivyo hivyo.

Tulipoyapanga yale maandishi kwa miezi, tukauona mwaka wa kijiji waziwazi. Shule ilifunguliwa Januari, mwezi ambao vihenge vimebaki vumbi na jembe ndilo linadai nguvu kuliko wakati wowote. Kuanzia hapo hadi Machi ilikuwa njaa. Aprili na Mei ilikuwa ndege. Agosti hadi mvua za Desemba ilikuwa maji: wasichana waliondoka usiku kwenda kuchimba mchanga wa korongo, wakisubiri kisima kijae kata kwa kata, na jua likichomoza bado wako kwenye foleni. Miezi miwili au mitatu iliyobaki katikati, baada ya mavuno, ndiyo madarasa yalikuwa na watoto wote. Ndiyo pia miezi ambayo wakaguzi walipenda kuja, kwa sababu barabara ilikuwa kavu.

Njaa ndiyo iliyonisumbua moyo zaidi. Mtoto mwenye njaa haji, na akija hayupo. Alikuwapo msichana mmoja mwepesi wa akili kuliko wote niliopata kuwafundisha miaka ile ya mwanzo, ambaye mwezi wa pili alianza kulala darasani. Hakulala kwa uvivu, alikuwa anazimika. Nilimfuata mama yake jioni. Nikamkuta anachemsha mlenda mtupu, bila ugali wa kuulia. Akaniambia, "Mwanangu, akilala huko kwako si afadhali? Huku akiamka ataniuliza chakula." Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane. Sikuwa na la kumjibu, nikakaa naye tukasaidiana kuchambua mboga.

Suala hilo lilipelekwa kwenye mkutano wa kijiji, na sitasahau jinsi lilivyozungumzwa, kwa sababu lilianza vibaya. Mwenyekiti alitaka wazazi wa watoro wasimamishwe. Mwalimu mkuu aliomba kwanza asome. Akafungua daftari la mahudhurio, akasoma sababu moja moja za mwezi wa pili, bila kutaja majina. Njaa, njaa, ndama, njaa, jembe, njaa. Watu walikaa kimya. Kisha mama mmoja mjane, ambaye hata mtoto wa shule hakuwa naye, akasimama akasema kama ni njaa basi ipikwe. Ikapikwa. Kila kaya iliyokuwa na kitu ilitoa kibaba, shamba la shule likapandwa uwele badala ya alizeti, na akina mama wakapangiana zamu za kusonga uji saa nne asubuhi. Uji wa uwele, mwembamba, siku nyingi bila sukari, ukiwa na ubuyu kidogo wa kuutia ukali.

Nashindwa kuwaeleza vijana wa leo kilichotokea bila kuonekana naongeza chumvi. Watoto walirudi. Walirudi hata wale ambao majina yao tulikuwa karibu kuyafuta, na wakaja na wadogo zao ambao hawajaandikishwa, wanasimama kando ya mbuyu na vibuyu mkononi. Mwalimu mkuu hakuwafukuza. Mwaka uliofuata hao wadogo walijiandikisha wenyewe, hatukuzunguka nyumba kwa ajili yao.

Lakini uji haukuweza kitu mbele ya ndege. Anayetoka pwani au mijini hajui balaa la kwelea kwelea. Uwele ukianza kukomaa wanashuka kwa maelfu, na shamba ambalo halikulindwa asubuhi halina kitu jioni. Kuamia ni kazi ya watoto tangu enzi: mtoto anapanda juu ya ulingo na kombeo na kopo la kugonga, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Siku nilipokwenda kuwatoa wajukuu wa bibi mmoja shambani, bibi hakunikasirikia. Alinikaribisha juu ya ulingo nikae naye. "Mwalimu," akaniambia, "ndege hawana Jumapili. Wewe una Jumapili, una likizo. Waambie hao wa Dodoma wawape ndege likizo, nami nitakupa watoto."

Nilikaa naye hadi adhuhuri, na huo ndio ukawa msaada mkubwa kuliko somo lolote la mkufunzi. Niliona kwamba kwelea wanakuja kwa fujo alfajiri na mapema asubuhi, jua likiwa kali wanaingia kwenye miti ya miiba kupumzika, na wanarudi jioni. Bibi alilijua hilo maisha yake yote. Hapakuwa na aliyemuuliza. Nilimweleza mwalimu mkuu, naye akasema lililokuwa dhahiri: basi wiki za ndege tufundishe saa nne hadi saa nane. Ratiba ya taifa haikuruhusu. Mwalimu mkuu aliandika barua wilayani kuomba, na majibu hayakuja, na msimu haungoji majibu, kwa hiyo kamati ya shule ikakubali na tukaanza. Watoto walikuja wametoka moja kwa moja kwenye ulingo, sauti zimewakauka, makombeo shingoni. Wakasoma saa nne zile wakarudi. Uwele ukavunwa, na kwa mara ya kwanza mwezi wa tano daftari langu halikujaa sifuri.

Vivyo hivyo kuhusu zamu mbili. Wizara iliziruhusu kwa sababu vyumba havikutosha: kundi moja asubuhi, jingine mchana. Wakaguzi waliziona kama aibu ya muda. Kwetu zilikuwa neema, maana ndugu wawili wa nyumba moja waliweza kupishana. Yule mzee aliyetupa mtoto mwenye kifua alikuja mwenyewe shuleni, akiongozana na yule wa ng'ombe, akaomba mmoja awe zamu ya asubuhi na mwingine ya mchana. Walikutana njiani kila siku, wakapeana fimbo, mmoja anakwenda darasani na mwingine malishoni. Wote wawili walimaliza darasa la saba. Vyumba vilipoongezeka miaka ya baadaye na zamu zikafutwa, shule ilionekana imeendelea, na wachungaji kadhaa wakaacha.

Sitaki ieleweke kwamba sheria haikuwa na kazi. Kabla ya 1978 kulikuwa na sheria ndogo za vijiji na faini, na nilichoona ni kwamba mzazi aliyetozwa faini alimleta mtoto siku kadhaa, kisha akamtuma kwa mjomba wake kijiji cha mbali, na faini yenyewe ilikuwa imekula pesa ya daftari. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, namba 25, iliyofanya kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima, iliokoa wasichana. Hilo nalisema kwa yakini. Mwaka mmoja baadaye binti wa darasa la sita alichumbiwa, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini. Baba yake hakuwa katili. Alikuwa ameazima nafaka kwa ndugu wa mwoaji mwaka wa njaa na hakuwa na namna nyingine ya kulipa. Mwalimu mkuu alikwenda na maandishi ya sheria mkononi, na mbele ya wazee baba akapata kile alichokihitaji, yaani kisingizio. Akaweza kumwambia mkwe mtarajiwa kwamba si yeye anayekataa, ni serikali. Mahari ikarudishwa nusu, nusu ikasubiri, na binti akasoma. Penye mgongano wa mzazi na mtoto, sheria ilisaidia. Penye mgongano wa shule na tumbo, haikufua dafu.

Miaka iliyofuata naipita upesi kwa sababu inaniuma. Vita vya Kagera vilikwisha, nchi ikabaki haina fedha za kigeni, na maduka ya vijiji yakawa matupu. Kuna kipindi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo sababu niliyoandika pembeni mwa daftari mara nyingi kuliko zote ilikuwa nguo. Wasichana wawili wa nyumba moja walivaa gauni moja kwa kupokezana, huyu Jumatatu, yule Jumanne. Mitumba iliporuhusiwa katikati ya muongo ule ilizungumzwa vibaya sana na watu wenye nguo. Mimi niliona watoto wakirudi darasani wamevaa fulana zenye maandishi wasiyoyajua.

Wakati huohuo mchango wa UPE ukaanzishwa, na mwaka hadi mwaka ukapanda, ukafuatwa na mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mtihani, wa mwenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa imekaribia kabisa kuwaandikisha watoto wote, zaidi ya milioni 3.5 wakiwa shuleni. Muongo mmoja baadaye watoto wengi wa umri wa shule hawakuwa wameandikishwa. Walimu tuliagizwa kuwarudisha nyumbani wasiolipa. Mtoto alitoka darasani saa mbili kwenda kutafuta shilingi ambazo yeye na mimi tulijua hazipo, na wengine waliona aibu kurudi mikono mitupu, wakakaa chini ya mti hadi kengele ya kutokea. Hao hawakuwa na jina la utoro. Waliandikwa wadaiwa.

Mwaka 2001 serikali ikafuta ada, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka uliofuata. Januari 2002 ilinirudisha ujanani. Msururu ulizunguka uwanja. Walikuwamo watoto wa miaka kumi na miwili wanaotaka kuanza la kwanza, warefu kuliko dawati, na wazazi wao, ambao wengine niliwafundisha mimi kwa vizibo vya soda chini ya mbuyu. Nchi nzima, wanafunzi wakapanda kutoka chini ya milioni 5 hadi kufikia karibu milioni 8 mwaka 2006. Nilifurahi, kisha nikawauliza walimu vijana: uji uko wapi? Walidhani nazungumza ya kale.

Kisha ukaja mwaka 2010. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulichagua wilaya tatu za kujaribia ruzuku kwa kaya maskini, Bagamoyo, Kibaha na kwetu Chamwino. Fedha zilitolewa kila baada ya miezi miwili, na sharti moja lilikuwa mtoto wa miaka saba hadi kumi na mitano ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku. Wanakijiji wenyewe walishika fedha na kusimamia. Kwa mwalimu mzee kama mimi lilikuwa jambo la ajabu: baada ya miaka zaidi ya thelathini, kwa mara ya kwanza daftari la mahudhurio lilikuwa likimpa mzazi kitu. Kabla ya hapo lilikuwa la kumshtakia tu.

Wapo waliolalamika kwamba watu wanalipwa kwa kuwapeleka watoto wao wenyewe shule. Nimewasikia wakisema hivyo hata walimu, tena wana wa wakulima. Nawaomba wakae na bibi anayelea wajukuu wanne, ambaye mvulana mkubwa akienda shule hakuna wa kuchota maji wala kulima kibarua. Ruzuku ile haikumlipa bibi ili aipende shule. Aliipenda siku zote. Ilimlipia ule mkono uliokuwa unakosekana nyumbani. Nilichokiona kwa macho kilikuwa kidogo tu: sabuni, viatu vya plastiki, daftari mbili badala ya moja, na kuku wachache waliogeuka mbuzi. Na niliona watoto wa nyumba zile wakija Februari, mwezi ambao kwa kawaida tungeanza kuwapoteza.

Nilistaafu mwaka 2019, nikiwa nimeishuhudia pia Januari ya 2016, wakati ada na michango ilipofutwa hadi kidato cha nne na madarasa ya kwanza yakafurika tena. Mara zote hizo nchi ilishangaa jinsi watoto walivyo wengi. Walikuwapo siku zote, ila wakati mwingine walikuwa kwenye ulingo.

Bado nipo kwenye kamati ya shule. Mwaka jana tulibishana nusu siku kuhusu chakula cha mchana, maana serikali imewaachia wazazi wakubaliane wenyewe, na makubaliano ya wazazi wa kwetu hutegemea mvua. Baadhi walitaka kila kaya itoe debe la mahindi, na isiyotoa mtoto wake asile. Nilisimama nikapinga kwa sauti kuliko inavyonipasa kwa umri wangu, kwa sababu mtoto wa kaya isiyo na debe ndiye tunayemtafuta. Mwenyekiti, kijana mstaarabu, akasema, "Bibi Mwalimu, tumekusikia, lakini nani atalijaza debe lake?" Swali hilo ni la haki. Tulikubaliana shamba la shule, ambalo lilikuwa limekodishwa, lirudishwe na lilimwe, mavuno yake yawe ya watoto wa kaya zisizoweza, na walimu waandike tena sababu za kutokuja pembeni mwa daftari ili kamati izisome kila mwezi. Kuhusu debe hatukufikia mwisho. Kikao kingine kimewekwa baada ya mavuno, na nimeomba safari hii waalikwe pia akina bibi wanaolea wajukuu.